Kufunga kulinirudishia dada yangu. Je, niitii na sauti iliyoniambia niache kazi?

Mama Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana. Leo naandika moja kwa moja bila kurudi nyuma, maana nikiisoma nitaichana tena.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili, nafundisha hisabati shule ya sekondari. Nimekulia katika imani na kufunga si jambo geni kwangu. Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha maombi, na wakati wa likizo tukafunga siku 21. Siku 14 za mwanzo tulikuwa tunakula kitu chepesi jioni. Siku saba za mwisho zilikuwa za maji matupu, na usiku tulikesha tukiimba na kuomba mpaka karibu na alfajiri.

Usiku wa siku ya 18 nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, nimeshika kikombe cha plastiki chenye maji. Nikaona mwanga wa taa unavyotetemeka juu ya yale maji, nikaanza kulia. Sikuwa na huzuni. Nilihisi kila kitu duniani kiko mahali pake, na mimi nimo humo. Halafu nikakiona kitambaa cha kichwa cha marehemu mama.

Mama alifariki miaka sita iliyopita, siku ya Alhamisi. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani, nikapiga simu nikasema nitafika Ijumaa. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake, kile kitambaa hakikuonekana, nami nikamwambia dada mbele za watu kwamba amekiiba. Akanijibu, nikamjibu. Tangu siku hiyo hatukusemezana miaka sita.

Basi usiku ule nilikiona kama ninavyoiona karatasi hii. Cha buluu, pindo limechanika upande mmoja, mama amelishona kwa uzi mweupe. Na papo hapo nikajua kwamba sikuwa nimekasirikia kitambaa. Nilikuwa namchukia dada kwa sababu yeye alikuwepo mama akikata roho, na mimi sikuwepo. Asubuhi nikampigia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwaka mzima natafuta namna ya kukupigia." Tulilia wote wawili. Sasa tunaongea karibu kila siku.

Usiku uliofuata nikapata jambo la pili, kwa uzito uleule, kwa machozi yaleyale: "Acha kazi, watoto watalindwa." Sikuisikia kwa masikio, lakini nilijua kama ninavyojua jina langu. Kiongozi wetu alifurahi sana. Anasema nimeitwa kwenye huduma ya maombi ya kudumu.

Katikati ya siku hizo nilipata pia onyo juu ya mdogo wangu wa kiume. Niliona asisafiri Ijumaa, kuna ajali. Nilimsihi mpaka akakubali, na usaili wa kazi ukampita. Lile gari lilifika salama. Kiongozi alisema maombi yetu ndiyo yaliyoigeuza ajali, na mimi niliamini, ingawa mdogo wangu bado ana kinyongo.

Usiku wa kitambaa niliandika kurasa 11 kwenye daftari. Kurasa nne nazielewa. Saba zimejaa neno moja tu, "tayari", mistari na mistari, na sikumbuki nilimaanisha nini. Usiku ule kila "tayari" ilikuwa na maana yake.

Tumemaliza wiki tano zilizopita, lakini neema haijaondoka. Nalala saa mbili au tatu na sichoki. Mawazo yananijia kwa kasi, nasahihisha madaftari ya madarasa matatu kwa usiku mmoja na bado nataka kuandika. Mume wangu ana wasiwasi. Alimwita kaka yake, ambaye ni daktari, naye akaniambia, "Shemeji, mwili ulikuwa unachoma mafuta baada ya sukari kuisha. Hayo mengine umejitungia." Niliumia. Nikamuuliza, kwa hiyo na dada yangu nimejitungia? Hakujibu.

Baada ya wiki tatu kikundi kinaanza siku 40. Tatu za kwanza ni kavu, bila chakula wala maji. Kiongozi anataka niwe nimekabidhi barua ya kuacha kazi kabla ya hapo ili niingie mikono mitupu. Anasema kufikiri sana ni shaka, na shaka huua maono. Barua nimeshaiandika, iko ndani ya daftari.

Mama, nimepata kweli mbili. Nikisema ile ya pili ni njaa tu, nitakuwa nimesema na ya kwanza ni njaa tu, na sitaki kumpoteza dada mara ya pili. Nikisema ya kwanza ni ya Mungu, ya pili nitaikataaje?

Mwenye Daftari

*

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwamba hii ya tano hukuichana.

Kabla ya lolote nimefurahi kwa ajili yako na dada yako. Miaka sita ni mingi. Aliyekuambia kwamba umejitungia hakukusikiliza vizuri, na ninaelewa kwa nini uliumia. Mimi mwenyewe hufunga, na sina mpango wa kuacha. Kwa hiyo usisome majibu yangu ukidhani unaongea na mtu anayeona kufunga ni upuuzi.

Nikiirudia hoja yako kwa maneno yangu, unasema hivi: mambo haya yalikuja kwa njia moja, kwa nguvu moja, basi ama yote ni kweli ama yote ni njaa. Wewe ni mwalimu wa hisabati na umeipanga kama mlinganyo. Ila umehesabu kweli mbili, na mimi katika barua yako nimesoma tatu. Ile ya mdogo wako umeipitisha katikati haraka haraka, kama mtu anayepita na mzigo asioutaka uonekane.

Turudi hapo. Ulipomsihi asisafiri, ulikuwa na uhakika kiasi gani? Barua yako haionyeshi kwamba ulikuwa na uhakika mdogo kuliko ule wa kitambaa. Na gari lilifika. Kiongozi wenu ana maelezo, kwamba maombi yaliigeuza ajali. Lakini hebu jiulize: gari lingeanguka, angesema ono lilikuwa kweli. Halikuanguka, anasema ono lilikuwa kweli. Kungetokea nini ili mtu aweze kusema, "Hapa tulikosea"? Kama hakuna, basi ajali ile haiwezi kukufundisha kitu kuhusu maono yako, wakati mdogo wako alilipa kwa usaili wake. Nadhani anastahili kusikia kwako neno moja la pole lisilo na maelezo.

Sisemi hivi kukuaibisha. Nasema kwa sababu hapo ndipo fundo lako linapoanza kulegea. Kama siku zilezile, kwa machozi yaleyale, ulipata jambo lililokuwa kweli na jambo ambalo halikuwa, basi ule uhakika wenyewe si kipimo. Unaweza kuushika wa dada kwa mikono miwili bila kulazimika kuushika na wa kazi. Havikuja vimefungwa kamba moja.

Shemeji yako yuko sawa kuhusu mafuta. Sukari iliyohifadhiwa kwenye ini huisha baada ya kama siku moja hivi bila chakula, na ini huanza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta ili ubongo upate nguvu. Wako wanaosema kwamba kichwa huwa chepesi siku hizo. Ongeza kukesha usiku baada ya usiku, kuimba maneno yaleyale kwa saa nyingi, na kundi zima linalosubiri kuona kitu. Hakuna haja ya kubisha kwamba akili yako ilikuwa katika hali isiyo ya kila siku.

Alipokosea ni kwenye hatua iliyofuata, pale aliposema kwamba kwa kuwa tunajua mwili ulikuwa unachoma nini, basi ulichokiona si kweli. Ukweli wa jambo haupimwi kwa hali ya tumbo la aliyelipata. Otto Loewi, aliyekuwa akifanya utafiti Graz, Austria, aliota usiku namna ya kupima jinsi neva zinavyozungumza na moyo. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakuandika, akaenda moja kwa moja maabara usiku huohuo. Akachukua mioyo miwili ya vyura, akachochea neva ya mmoja, maji yake akayahamishia kwenye wa pili, na ule wa pili nao ukapunguza mapigo. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Ndoto ilimwonyesha kweli. Lakini tunajua ilikuwa kweli kwa sababu ya mioyo ya vyura.

Na kurasa zako saba za "tayari"? Usizichome. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alivuta gesi ambayo madaktari wa meno huitumia kupunguza maumivu, na akiwa katika hali ile aliona siri yote ya ulimwengu imefunguka. Akawa anaandika. Alipozinduka, karatasi zilizokuwa zinang'aa hekima aliziona ni maneno yasiyo na maana. Yeye hakuhitimisha kwamba maono yote ni upuuzi. Miaka mingi baadaye, katika mihadhara yake ya Edinburgh ya 1901 na 1902, alisema mambo ya namna hii yapimwe kwa matunda yake, si kwa mizizi yake. Lakini alikuwa amejifunza kwa mkono wake mwenyewe kwamba hisia ya kuelewa inaweza kuja peke yake, bila kuwa na chochote kilichoeleweka ndani yake. Wewe una ushahidi wa aina zote mbili katika daftari moja, kurasa nne na kurasa saba. Wachache sana wana bahati hiyo.

Unaweza kuniambia kwamba James alikuwa na gesi na wewe ulikuwa na Mungu. Sawa. Tuwasikilize basi walioomba kuliko mimi na wewe. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, aliona maono kwa miaka mingi, hakuna awezaye kumwita mtu wa shaka. Mwaka 1577 aliandika juu ya masista waliodhoofika kwa kufunga na kukesha, wakadhani ule udhaifu ni kunyakuliwa rohoni. Anamtaja mmoja aliyekaa katika hali hiyo saa nane. Dawa yake ilikuwa kulala, kula, na kupunguza kujitesa, na hali ikaondoka. Hakuona kwamba kumlisha sista kunaua maono. Mimi naielewa hivi: kama ni ya Mungu, chakula hakitaifukuza.

Na katika Biblia unayoisoma, mtazame Eliya chini ya mti, amechoka, anaomba afe. Malaika hakumpa ujumbe. Alimwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala, akaguswa tena, akala tena. Safari ya siku 40 ilikuja baada ya hapo, na ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baada ya safari. Halafu mtazame Yesu nyikani. Alifunga siku 40, mwisho akaona njaa, na Mathayo anasema aliyemjia saa hiyo akisema naye ni mjaribu, tena akinukuu Maandiko. Mimi aya hiyo niliisoma miaka mingi kabla haijanishtua. Njaa hufungua mlango, lakini haichagui anayeingia. Ndiyo maana waraka wa kwanza wa Yohana unasema zijaribuni hizo roho. Anayekuambia usipime, anakunyima kitu ambacho Maandiko yenyewe yamekupa.

Sasa mwanangu, nikuulize jambo ambalo huenda nimelikosea, nawe utaniambia.

Mama alifariki Alhamisi. Wewe ulikuwa umesema utafika Ijumaa, na kilichokuzuia ni kazi. Hayo umeandika mwenyewe. Kisha katika kufunga ukaona mambo matatu. Moja linamhusu mama na kutokuwepo kwako. La pili linahusu ndugu anayesafiri Ijumaa na kifo njiani. La tatu linasema acha kazi. Je, huoni kwamba yote matatu yanazunguka siku zilezile mbili? Nilipofika kwenye "Acha kazi" sikusikia amri ya kesho. Nilisikia binti aliye kwenye chumba cha mitihani, anaangalia saa, anajilaumu kwa nini hakutupa zile karatasi akaondoka. Na "watoto watalindwa": ni watoto wako hao, au ni yule mtoto wa mama aliyebaki bila mlinzi?

Kama ndivyo, basi hukujitungia kitu. Uliona kweli, ila kweli yenyewe ilikuwa moja, nayo ni kilio cha mama ambacho hukukilia. Mara ya kwanza uliisoma kama ilivyo. Mara mbili zilizofuata ilivaa nguo za unabii.

Na hapa namjibu shemeji yako kwa upande mwingine. Njaa peke yake haileti mama. Mwishoni mwa 1944, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza utafiti kwa vijana 36 waliojitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwahudumia wenye njaa baada ya vita. Waliwaza chakula, waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakawa wepesi wa hasira na wengi wakavunjika moyo. Wewe nawe ulikuwa na njaa, lakini uliona kitambaa. Kilichokupa kitambaa, nadhani, ni kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sita ulikaa kimya wiki tatu bila ratiba, bila madaftari, katikati ya watu wanaokuruhusu kulia. Njaa ilisaidia, siwezi kukataa. Lakini sijui kama wewe unaweza kusema ni sehemu gani ilikuwa njaa na sehemu gani ilikuwa kupata tu mahali pa kukaa.

Kuna tofauti nyingine naiona kati ya neno la dada na neno la kazi. La dada lilihusu moyo wako, na shahidi wa moyo wako ni wewe. Lilikuomba ujishushe, halikumwongezea mtu yeyote cheo. Ulilipima asubuhi yake kwa simu moja, na kama ungekuwa umekosea ungepoteza dakika chache. La kazi linahusu mambo yajayo, linawabeba watoto wawili na mume ambao hawakuwepo usiku ule, na ukishakabidhi barua ni vigumu kuirudisha. Neno la namna hiyo linastahili kungojwa zaidi. Nikuulize pia, kwa upole: wazo la kuacha kazi na kuingia kwenye maombi ya kudumu, ulilisikia kwanza kwenye kikombe cha maji au ulikuwa umeshalisikia kwa mtu? Simtuhumu kiongozi wenu, simjui. Lakini masikio ya mtu ambaye hajala wala kulala hubeba maneno ya mchana mpaka usiku.

Kabla ya kufika kwenye zile siku 40, nimesimama kwenye sentensi moja ambayo wewe umeiita neema. Wiki tano zimepita, unakula, na bado unalala saa mbili au tatu, huchoki, mawazo yanakimbia. Mwanangu, hilo linanitia wasiwasi kuliko maono yote. Kuna watu ambao kukosa usingizi huwasha kitu kichwani. Wanachangamka, wanafanya kazi ya watu watatu, kila kitu kinakuwa na ujumbe, na siku za mwanzo ni tamu kwelikweli. Baadaye hali hiyo huweza kupanda mpaka mtu afanye maamuzi yasiyorudishika, au kumwangusha chini kabisa. Inatibika, na mapema ni rahisi kuliko baadaye. Sisemi ndiyo uliyo nayo, hilo si la kusemwa kwa barua. Nakuomba umwone daktari wiki hii, asiwe shemeji yako maana mmeshaumizana, na umwambie saa unazolala kama ulivyoniambia mimi. Kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua namna hiyo, au kama unatumia dawa yoyote, mwambie pia. Nenda na mume wako.

Sasa siku 40. Ukiingia kama kiongozi anavyotaka, kavu siku tatu na barua imekabidhiwa, utakuwa unaingia na usingizi ambao bado haujarudi, na mwili bila maji hauvumilii kama unavyovumilia bila chakula. Figo huumia, shinikizo la damu hushuka, kichwa huchanganyikiwa. Hata kufungua ovyo baada ya siku nyingi ni hatari, kwa sababu chakula kingi cha ghafla hubadilisha madini ya damu na moyo unaweza kuyumba. Ukishaingia huko huna kazi ya kurudia, na mtu pekee atakayekutafsiria unachokiona ni yuleyule anayesema kufikiri sana ni shaka. Hayo ndiyo ninayoyaogopa.

Lakini kutokuingia nako kuna gharama, na sitaki ujifanye hakuna. Kikundi kile kilikushika ulipolia. Huenda watakuona umerudi nyuma, na wengine watapoa. Unaweza kubaki na hofu kwamba Mungu alikuita ukajifanya husikii, na hofu hiyo inaweza kukaa na mtu miaka. Na ukitupa kila kitu kwa hasira, ukasema yote ilikuwa njaa, naogopa utaanza kuishuku hata ile simu ya dada.

Kuna njia katikati. Unaweza kuomba nao bila kufunga kavu, ukalala nyumbani, na kuwaambia wazi kwamba unalisubirisha lile neno. Unaweza kumwomba mkuu wa shule likizo bila malipo ya muhula mmoja badala ya kuacha kazi, ingawa hilo nalo lina uzito kwenye mfuko wenu na lazima mume wako awe amekubali. Unaweza kumpa mume wako ile barua aitunze, mkapanga siku ya kuifungua tena pamoja, labda baada ya miezi mitatu ya kula na kulala vizuri, muone kama bado inasema kitu. Kama ni wito, miezi mitatu haiwezi kuufuta. Hata wa Eliya ulisubiri alale. Na wanaosimulia maisha ya Buddha wanasema alijinyima mpaka akabaki mifupa, kisha akapokea chakula, na kuamka kwake kukaja akiwa ameshakula.

Ni wewe utakayechagua, na mumeo. Mimi ningependa tu uchague ukiwa umelala usiku wa kutosha mara kadhaa mfululizo.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki hakihitaji kufunga. Dada yako alikuambia kwamba mwaka mzima alikuwa anatafuta namna ya kukupigia. Yeye hakukesha nanyi, alikuwa anakula kama kawaida, na bado alifika palepale ulipofika wewe. Muulize alifikaje. Halafu, mkishakuwa na muda wa kutosha, mwombe akusimulie ile Alhamisi, tangu asubuhi mpaka mwisho, mama alisema nini, alikuulizia vipi. Mnaongea karibu kila siku, lakini hujaniandikia kwamba umewahi kumwuliza hilo. Wala hujaniambia kile kitambaa kiko wapi.